Filamu Iliyosikia Neno Moja

Tanzania tuna filamu moja ambayo tuligombana nayo kabla hatujaitazama. Inaitwa Darwin's Nightmare, tuseme Jinamizi la Darwin, na aliyeitengeneza ni Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria. Ilitoka mwaka 2004, ikazunguka matamasha ya Ulaya ikikusanya tuzo, na mwanzoni mwa 2006 ikawa miongoni mwa filamu za hali halisi zilizowania Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani, Mwanza watu wakaingia barabarani na mabango, na mwandishi wa habari wa huko aliyehojiwa ndani yake akaandamwa na vyombo vya dola. Nathubutu kusema wengi wa waliobeba mabango hawakuwa wameiona hata dakika moja. Ugomvi ukawa mkubwa kuliko filamu yenyewe. Ulipopoa, tukabaki na kambi mbili tu: ama unaisifu kwa kuwa inawaumbua mabeberu, ama unaichukia kwa kuwa inaitukana nchi.

Mimi ninairudia kwa sababu nyingine. Siku hizi kila panapozuka mjadala wa kujenga uchumi wa mahali, yaani tule tunachovua na kulima, fedha izunguke kwa jirani kabla ya kuvuka bahari, kampuni za ng'ambo zisituamulie bei, lazima atokee mtu wa kuitaja filamu hii. "Kaangalie ile ya Mwanza," anasema, "uone soko la dunia linavyotufanya." Ni kweli, kaangalie. Lakini ukiitazama mara ya pili na ya tatu, unaanza kujiuliza: mbona katika filamu nzima kuhusu samaki hakuna mtu anayeuza samaki kwa mwenzake?

Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Sangara, samaki asiye wa asili ya ziwa hili, alipandikizwa ndani ya Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Akazaana, akala furu waliokuwa wa aina mamia, na kufikia miaka ya 1980 ziwa zima likawa shamba lake. Viwanda vikajengwa kando ya maji, minofu ikapakiwa kwenye ndege za mizigo za Ilyushin, ikapelekwa Ulaya. Sauper anawafuata marubani kutoka Urusi na Ukraine, akina dada wanaoishi nao kwa malipo, watoto wa mitaani, mlinzi wa usiku wa kituo cha utafiti wa uvuvi mwenye upinde na mishale ya sumu, na mwenye kiwanda aliyeweka ofisini samaki wa plastiki anayeimba. Katikati ya yote kuna mapanki: vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kukatwa, ikimwagwa kutoka kwenye malori, ikianikwa kwenye miti, ikikaangwa kwa mafuta meusi. Funza wanatambaa. Mama mmoja anaonyesha jicho aliloharibiwa na moshi wa amonia unaotoka kwenye samaki wanaooza. Ukiitazama sehemu hiyo ukiwa umeshika sahani, sahani utaiweka chini.

Tumpe mtu haki yake. Sauper anajua kutazama. Filamu inaanza kwenye mnara wa kuongozea ndege, ambapo mwongozaji anapambana na mdudu dirishani huku redio ikikoroma, na katika dakika hizo chache unaelewa ukubwa wa mambo na udogo wa mtu aliyepewa kuyaongoza. Kuna pia rubani anayekiri, sauti ikiwa imemwishia, kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola kisha akapakia zabibu Johannesburg kuzipeleka Ulaya; watoto wa huku wakapata bunduki Krismasi, wa kule wakapata zabibu. Hakuna hotuba ya mwanaharakati yoyote iliyowahi kusema jambo hilo vizuri kuliko yule bwana. Hilo la silaha kushushwa Mwanza kwenyewe ni habari nyingine. Filamu inalinong'ona, inalizungukazunguka, lakini sanduku lenyewe hatulioni, na mtazamaji makini ana haki ya kudai alione.

Sasa turudi kwenye swali la nani anamuuzia nani. Sauper mwenyewe ameeleza wazo lilikotoka. Mwaka 1997, akiwa katika kazi ya filamu kuhusu wakimbizi wa Rwanda kule Kongo, alizikuta uwanjani Mwanza ndege mbili kubwa zenye chakula. Moja imeleta njegere kavu za msaada kutoka Marekani kwa ajili ya wakimbizi, nyingine inaondoka na samaki wabichi kwenda Ulaya. Picha nzito hiyo, hutaisahau. Lakini angalia alikosimama. Amesimama kwenye lami ya uwanja wa ndege, na kwa muda wote wa filamu hatoki hapo kabisa. Hata anapoingia mtaani, anaingia kupitia kwa wale wanaoishi kwa ajili ya ndege: msichana wa rubani, mlinzi wa taasisi, mfanyakazi wa kiwanda, mtoto anayeokota mabaki. Mwanza ya filamu hii ni mji unaoishi kwa kilichodondoka kutoka kwenye ndege.

Ni jicho la rubani. Rubani anaona uwanja, baa, hoteli, kiwanda. Hana kosa, hiyo ndiyo njia yake. Ila msanii aliyekuja kumshitaki mwenye ndege naye akitazama kwa jicho hilohilo, basi wote wawili wamekubaliana juu ya jambo moja: kwamba samaki ambaye hakupanda ndege ni takataka.

Lugha inalithibitisha hili. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni Kiingereza, na kingi ni cha kubabaisha, cha wenyeji na cha marubani pia. Mlinzi wa usiku anasema mambo ya kutisha kuhusu vita na ajira kwa Kiingereza cha kuokoteza, na watazamaji wa Ulaya wakasifu maneno yake kama ya nabii. Mimi nilikuwa nikijiuliza angeyasemaje kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, angeweka "labda" wapi, angecheka wapi. Kiswahili katika filamu kipo pembeni. Neno moja tu la kazi za ziwa ndilo lililovuka na kuingia katika magazeti ya Paris na Berlin, nalo ni mapanki. (Masikioni mwangu neno hilo daima huleta ule mtindo wa nywele wa panki, zilizosimama katikati kama mifupa ya mgongo wa samaki. Mtaa una ucheshi wake hata mahali pa njaa.)

Uchumi wowote una kamusi yake, na kamusi ya mwaloni ni nene. Kuna kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa juani, anayevushwa hadi Kongo. Kuna mabondo, yale mapulizo ya ndani ya samaki, yanayokaushwa na kuuzwa China kwa bei inayozidi mara nyingi bei ya minofu. Kuna samaki wa moshi. Kuna chanja, kuna karabai, kuna kokoro lililopigwa marufuku na ambalo kila mtu anajua liko nyumba gani. Kuna kopo, sado, debe na gunia, na ugomvi wa kila siku kama sado imejazwa kwa kichuguu au imepigwa pasi. Na kuna dagaa.

Dagaa ndio pengo kubwa kuliko yote katika filamu hii. Kwa uzito, dagaa sasa ni zaidi ya nusu ya kinachovuliwa Ziwa Victoria. Wakenya wanawaita omena, Waganda mukene. Huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola na betri, na kukiwa na mbalamwezi wavuvi hupumzika kwa kuwa dagaa hawaifuati taa. Alfajiri mitumbwi ikirudi, wanaosubiri ufukweni kwa wingi ni wanawake. Wananunua kwa ndoo, wanamwaga juu ya mchanga au, wenye uwezo, juu ya chanja, wanageuza kwa ufagio, na wanaomba mvua isinyeshe. Ikinyesha, mtaji wa wiki umekwenda. Waliokauka wanaingia magunia, magunia yanakwenda soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza hapohapo, na kutoka Kirumba malori yanatawanyika: Dodoma, Tabora, Dar es Salaam, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia. Ndiyo protini ya mama anayepika kwa fungu la siku. Hakuna mwekezaji aliyeleta biashara hii, hakuna ndege inayoibeba, na hakuna tamasha la filamu lililoipa tuzo.

Kirumba haiko mbali na sehemu ambazo Sauper alipigia picha. Soko la kimataifa, kwa maana halisi ya neno, lenye wafanyabiashara wa mataifa matano wanaohesabu fedha kwa Kiswahili, lilikuwa pale, na kamera ikapita. Naelewa kwa nini. Soko lenye shughuli haliwi jinamizi. Mtu anayebishana bei ya gunia hana sura ya mhanga, na filamu iliyojengwa juu ya wahanga haijui imweke wapi.

Nisisikike kama nawapigia debe waliosema kila kitu Mwanza ni shwari. Baada ya filamu kutoka, mwanahistoria wa Ufaransa François Garçon aliishambulia kwa makala na kitabu, akimwita Sauper mdanganyifu. Sauper akamshitaki kwa kumchafua jina na mwaka 2008 akashinda. Hoja kubwa katika mabishano hayo, kule Ufaransa na huku kwetu, ilikuwa mapanki: yanaliwa na watu au yanapelekwa kusagwa chakula cha mifugo? Serikali yetu ilijitahidi sana kuonyesha ni ya mifugo. Hapo ndipo pande zote mbili zilinichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Tangu lini kichwa cha samaki kikawa aibu? Nenda nyumba yoyote ya kanda ya ziwa au pwani, kichwa ndicho anachowekewa anayeheshimiwa. Supu ya kichwa cha sangara watu wanaifuata. Mtazamaji wa Ulaya, ambaye samaki wake amezaliwa bila kichwa ndani ya karatasi ya nailoni, akiona kichwa anaona jalala, na filamu inajua hivyo na inamtumia. Sisi nasi, badala ya kusema "kichwa ni chakula", tukakimbilia kukana kwamba tunakila!

Aibu haiko kwenye kichwa. Kiwanda kina barafu, sakafu ya vigae, maji yenye dawa na mkaguzi, vyote kwa ajili ya mnofu. Mita chache nje ya ukuta, nyama ileile iliyobaki kwenye mfupa haina hata kivuli. Samaki akishakatwa minofu, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki: kichwa, mgongo, ngozi, mafuta. Nusu hiyo ndiyo inayolisha watu wa hapa, na ndiyo isiyokuwa na barafu. Funza wale hawatokani na umaskini wa jumla jumla; wametokana na uamuzi wa nani apewe barafu. Sauper alikuwa na ushahidi huu mkononi, tena kwenye picha zake mwenyewe, akaupeleka upande wa kinyaa badala ya upande wa hesabu.

Na hesabu ipo. Kiwanda humpa wakala fedha na barafu. Wakala humkopesha tajiri wa mitumbwi nyavu na injini. Tajiri huajiri wavuvi, huwatolea mafuta na chakula, kisha kinachopatikana hukatwa gharama kwanza ndipo kigawanywe. Kila aliyekopeshwa analazimika kuuza kwa aliyemkopesha, kwa bei ya aliyemkopesha. Kwa hiyo mama wa mtaani akija na fedha taslimu mkononi kutaka sangara mzuri, hauziwi, si kwa sababu hana bei, bali kwa sababu samaki huyo ameshauzwa kabla hajavuliwa. Anaambiwa asubiri waliokataliwa na kiwanda. Soko huria gani hilo? Watu wanadhani utandawazi ni ndege. Kwa mtu wa mwaloni, utandawazi ni deni, na deni halina sauti ya injini. Ndiyo maana ni vigumu kulipiga picha, nakubali, lakini kazi ya msanii ni ipi kama si hiyo?

Historia ilitupa hata jaribio. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, mara kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, mara kwa taarifa kwamba watu wanavua kwa sumu. Ghafla ule mlango ukafungwa. Viwanda vikasimamisha wafanyakazi, bei mwaloni ikaporomoka, na sangara akashuka hadi kwenye masufuria ambayo alikuwa ameyahama. Wapo waliofurahi. Lakini mvuvi mwenye deni la nyavu hakufurahi, kwa sababu deni lake halikushuka pamoja na bei. Somo ninalolipata hapo ni gumu kidogo kwa sisi wapenzi wa uchumi wa mahali: kufunga soko la nje hakuleti soko la ndani lenye afya. Kunaleta samaki wa bei rahisi kwa miezi michache na mvuvi aliyefilisika. Soko la ndani lazima lijengwe likiwa na barafu yake, mikopo yake, ghala lake, kabla ya mlango kufungwa, si baada.

Hapo nataka kuitaja filamu ya pili, maana huwa zinapendekezwa pamoja. The Economics of Happiness ya mwaka 2011, ya Helena Norberg-Hodge na wenzake, ndiyo inayobeba bendera ya uchumi wa mahali duniani. Inaanzia Ladakh, milimani kaskazini mwa India, ambako Norberg-Hodge alifika mwaka 1975 na kukuta watu wanaojitosheleza na kutabasamu. Kisha barabara, matangazo na bidhaa za ruzuku zikaja, na tabasamu likaondoka. Mengi yanayosemwa humo ni kweli, hasa kuhusu ruzuku: kitunguu kilichosafiri nusu ya dunia kinakuwaje rahisi kuliko cha jirani kama hakuna anayelipia mafuta njiani? Lakini Ladakh yake imepigwa pasi kupita kiasi. Hakuna mwenye ardhi na asiye nayo, hakuna mkwe anayelemewa, hakuna mkopeshaji. Sauper ametuletea jehanamu, Norberg-Hodge ametuletea pepo, na mama wa dagaa pale Kirumba hayupo kwenye mojawapo.

Angekuwepo, ingebidi tusikie na yasiyopendeza. Uchumi wa mahali si mtakatifu kwa sababu tu ni wa mahali. Kwenye fukwe za ziwa kuna mwanamke ambaye hauziwi samaki mpaka alale na mvuvi. Upande wa Kenya jambo hili lina jina kabisa, jaboya, na kila mtaalamu wa ukimwi kandokando ya ziwa analijua. Kuna tajiri wa kijijini anayekopesha kwa masharti ambayo kiwanda kingeona haya kuyaandika. Kuna wenye viwanda vya chakula cha kuku wanaonunua dagaa kwa malori, hivyo sado ya ugali inashindana na kuku wa Nairobi na Dar es Salaam, na wanunuzi hao si Wazungu, ni sisi. Na sisi tuliopitia Azimio la Arusha la 1967 na Operesheni Vijiji iliyofuata tunajua kwamba kujitegemea kukija kwa amri na lori la mgambo, kunamaliza hamu ya neno lenyewe kwa kizazi kizima.

Hata sheria nzuri ina upande wake. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na sababu ya uhifadhi ni ya kweli. Samaki asipozaa, kesho hakuna kitu. Lakini samaki mdogo ndiye anayeingia kwenye sufuria ya kawaida na mkubwa ndiye anayeingia kiwandani. Kwa hiyo mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara chini ya Waziri Luhaga Mpina, nyavu zilipochomwa kwa mafungu, moshi ulikuwa wa wavuvi wadogo zaidi kuliko wa mtu mwingine yeyote. Maofisa wa wizara waliingia mpaka kantini ya Bunge na rula kupima samaki kwenye sahani. Nchi nzima ilicheka. Mwaloni hawakucheka sana. Nani alikuja na rula kupima urefu wa deni?

Upande wa pili wa ziwa kuna kioja kingine kinachostahili filamu yake. Kisumu, mji ambao ziwa liko mlangoni mwake, unauziwa samaki wa mabwawa ya China waliogandishwa, tena kwa bei inayomshinda mvuvi wa hapo. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba uagizaji huo ukome. Wafanyabiashara wadogo walipiga makofi. Wengine, ambao wanaishi kwa kuwauza samaki haohao wa China kwa rejareja, wakauliza watauza nini Jumatatu. Maswali yote mawili ni ya watu wa mahali. Hapo ndipo kaulimbiu inapoishia na kazi inapoanzia: mwanamke wa Kisumu anayeuza samaki wa China naye ni uchumi wa mahali, watoto wake wanasoma kwa fedha hiyo, na mtu akija na sera isiyomwona, sera hiyo itakuwa na jicho la rubani vilevile, hata kama imevaa kitenge.

Kwa hiyo Darwin's Nightmare tuiweke wapi? Mimi nasema itazamwe, na ifundishwe, hasa kwa vijana wanaoandika na kupiga picha. Ina ujasiri ambao filamu zetu nyingi hazina, na yale matukio ya rubani na zabibu yatadumu. Waliotaka ifutwe walikuwa wanalinda jina la nchi kwa kufunika jicho la yule mama. Lakini isitumike tena kama hoja ya uchumi mbadala, kwa sababu ndani yake hakuna mbadala wowote, na hilo si bahati mbaya. Mtengenezaji aliyeamini kwamba Mwanza ina kitu kingine zaidi ya uwanja wa ndege angeuliza njia ya kwenda Kirumba, na dereva yeyote wa daladala angemwelekeza.

Tangu wakati ule mambo yamebadilika kiasi kwamba hata shitaka lenyewe limechakaa. Sangara wakubwa wamepungua, viwanda kadhaa vimefungwa au vinafanya kazi chini ya uwezo wake, bondo limekuwa dhahabu na mnofu umekuwa kama ziada. Dagaa wameongezeka kwa uzito na kwa umuhimu. Vikundi vya VICOBA vimeingia kwenye fukwe, na pale mwanamke anapoweza kukopa kwa wenzake badala ya kwa tajiri, anaweza kusimama mbele ya mtumbwi na kumwambia mvuvi "kwa bei hiyo sinunui" akahamia mtumbwi wa pili. Ni jambo dogo kulitazama. Halina ndege ndani yake. Anayetaka kulipiga picha afike mwaloni giza la mwezi, saa kumi na moja alfajiri, taa za mitumbwi zikiwa zinaelea kuja ufukweni, aweke kamera chini usawa wa ndoo, na awe na mtu wa kumtafsiria Kijita, Kikerewe, Kijaluo na Kisukuma, kwa sababu bei ya kwanza ya siku haitatajwa kwa Kiingereza.